HENRY LE CHATELIER, MTU ALIYEPIMA TABIA YA MOTO



Sisi wa darasa la sita tuliombwa kuandika maisha ya mtu mwenye sifa aliyekufa zamani. Wengine walitaka mfalme, wengine walitaka mwanamuziki. Sisi tukamchagua mtu ambaye jina lake linaandikwa ubaoni karibu kila juma katika somo la kemia, na hakuna anayeuliza alikuwa nani: Henry Le Chatelier. Tumemchagua juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe katika labo, na afazali tuanze na hilo.

AIBU YETU

Muhula uliopita bwana mwalimu alitupa kazi ndogo. Tuchemshe ngai-ngai, tuchukue maji yake mekundu, tutie matone ya javel, kiisha tuhesabu sekunde mpaka rangi ipotee. Tulikuwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilimaliza upesi, la pili likakawia, la tatu likangoja mpaka likachoka. Sisi viongozi wa makundi tukakutana nje, nyuma ya mlango, tukapatana kuandika namba moja katika kaye zote, tusionekane wajinga.

Bwana mwalimu alipoona namba tatu zinazofanana kama mapacha, hakukasirika. Aliuliza tu maji ya kila kundi yalitoka wapi, na chupa za javel zilikaa wapi. Hapo tukanyamaza. Kumbe kundi la kwanza lilitumia maji yaliyokaa dirishani juani. La pili lilitumia maji ya kisima yaliyotekwa asubuhi. Na la tatu lilikuwa na javel iliyokaa wazi kwenye mwanga majuma mengi, nguvu yake imekwisha. Hakuna kundi lililokosa! Kila hesabu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa katika kaye zetu.

Nyuma ya hapo ndipo tulipotaka kumjua yule Mfaransa aliyetumia maisha yake yote kuuliza swali lile lile la bwana mwalimu: ulifanya katika hali gani?

UTOTO NA MASOMO YAKE

Henry Louis Le Chatelier alizaliwa Paris tarehe 8 Oktoba 1850. Baba yake, Louis Le Chatelier, alikuwa injinia wa madini na wa njia za reli. Sisi watu wa Kamina, mji wa treni, tufurahi kusikia kama baba huyu alijulikana pia kwa njia ya kufunga breki ya lokomotivu kwa kutumia mvuke wenyewe. Jina lake limechorwa kwenye Mnara wa Eiffel pamoja na majina mengine 71. Mama yake alilea watoto kwa sheria kali: kuamka kwa saa, kumaliza kazi kwa saa, kula kilichowekwa mezani. Henry mwenyewe alipokuwa mzee alikumbuka malezi hayo kwa shukrani. Wale wanaolalamika juu ya kengele ya asubuhi wasikie.

Mwaka 1869 aliingia École Polytechnique. Mwaka uliofuata vita vya Ufaransa na Prusia vikaanza, na kijana Henry akavaa mavazi ya askari wakati Paris ilipozingirwa. Vita vilipokwisha alisoma Shule ya Madini ya Paris, akafanya kazi ya injinia kule Besançon, na mwaka 1877 akaitwa kurudi Shule ya Madini kufundisha kemia. Alikuwa amekwisha kuoa mwaka 1876, na Mungu akawajalia watoto saba.

GESI YA MIGODI

Wakati ule wachimbaji wa mkaa wa mawe walikuwa wakifa wengi chini ya ardhi. Ndani ya mkaa hutoka gesi ya methani. Ikichanganyika na hewa na kupata moto, hulipuka. Serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kuchunguza jambo hili, na Le Chatelier akafanya kazi pamoja na mkubwa wake, Ernest Mallard.

Waliona jambo la kushangaza. Methani ikiwa chini ya sehemu 5 katika 100 za hewa, hailipuki. Ikipita sehemu 15, hailipuki vilevile. Katikati ya hapo, cheche moja inatosha kuua watu. Tena gesi hiyo inahitaji joto la digri 650 hivi, na hata hapo haishiki moto mara moja, inakawia kidogo. Kwa hiyo walitafuta baruti ambayo moto wake hauna joto kali sana, ipasue jiwe bila kuwasha gesi. Katika jimbo letu la Haut-Lomami mkaa wa mawe ulichimbwa Luena, na wazee wetu wengi waliishi kwa kazi ile. Basi tuelewe kama namba hizi za 5 na 15 haziko za kukariri tu juu ya mtihani. Ni mpaka kati ya baba kurudi nyumbani na baba kutorudi.

MACHO NA KIPIMO

Jambo lingine lilimsumbua. Mafundi wa tanuru walipima joto kwa macho: moto mwekundu, moto wa njano, moto mweupe. Hata hapa kwetu mababu walioyeyusha shaba na kumimina ile misalaba midogo, ambayo imepatikana katika makaburi ya zamani kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, walijua moto kwa macho na kwa uzoefu, na walijua vizuri. Lakini jicho la fundi haliwezi kutumwa kwa barua. Fundi akifa, kipimo chake kimekufa naye.

Katika miaka ya 1880 Le Chatelier alichukua nyuzi mbili, moja ya platini, nyingine ya platini iliyochanganywa na rodi, akaziunganisha kwenye ncha. Ncha ikiingia motoni, umeme mdogo unazaliwa, na umeme huo unasema joto ni kiasi gani. Tangu hapo mtu wa Paris na mtu wa Lubumbashi wanaweza kusema namba moja na kuelewana. Shaba huyeyuka karibu na digri 1085. Hilo haliko tena jambo la kubishana.

Mwaka 1887 alipata udaktari juu ya saruji: kwa nini unga ule ukipata maji unageuka jiwe. Anayesafiri kwa treni kwenda Likasi anapita Lubudi, mji wa kiwanda cha saruji, na hapo anaweza kumkumbuka. Na mwaka 1895 alionyesha kama gesi ya asetileni ikiwaka pamoja na oksijeni, moto unapita digri 3000. Ndio moto wa wale masudere wanaounganisha vyuma.

SHERIA YAKE

Sasa tufike kwenye ile sheria inayotutoa jasho. Aliitangaza mwaka 1884, kiisha mwaka 1888 akaifupisha. Mholanzi van 't Hoff alikuwa ametangulia kusema upande wa joto, na Le Chatelier hakuficha jambo hilo. Yeye aliipanua mpaka upande wa mgandamizo na wa wingi wa vitu. Baadaye aligundua kama Mmarekani Gibbs alikuwa amekwisha kuandika mengi ya namna hii kwa hesabu ngumu ambazo watu hawakuzisoma. Badala ya kuona wivu, akatafsiri kazi ya Gibbs kwa Kifaransa, mwaka 1899.

Sheria yenyewe inasema hivi: kazi ya kemia ikiwa imetulia, na wewe ukabadili hali moja, kazi hiyo itaelekea upande unaopunguza badiliko lako. Fikiri watu wawili wamesimama ndani ya mtumbwi kule Bukama. Mmoja akiinama kulia, mwenzake anainama kushoto, mtumbwi usizame. Au chukua chupa ya Fanta. Gesi imefungwa ndani, imetulia. Ukifungua kizibo, mgandamizo unashuka, na gesi inatoka majini mbio kujaza pengo. Ukifungua chupa iliyolala juani, inamwagika mpaka kwenye nguo, kwani joto nalo linafukuza gesi majini.

Kutojua sheria hii kuliwagharimu watu feza nyingi. Tanuru za chuma zilitoa gesi ya monoksidi ya kaboni ambayo haijatumika. Wenye viwanda wakafikiri madini hayapati muda wa kutosha, wakajenga tanuru ndefu zaidi na zaidi. Gesi ikaendelea kutoka kiasi kile kile. Le Chatelier alionyesha kama urefu haukuwa na kosa lolote: kazi ile ilikuwa imefika kwenye kituo chake, na kituo hakisogei mpaka ubadili hali yenyewe.

KOSA LAKE KUBWA

Hapa ndipo maisha yake yanatugusa sana. Nitrojeni na haidrojeni zikiungana zinafanya amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea. Sheria yake mwenyewe ilimwonyesha njia. Vipimo vinne vya gesi vinageuka viwili, basi mgandamizo mkubwa unasaidia. Kazi inatoa joto, basi joto likizidi linarudisha amonia nyuma. Lakini joto likipungua mno, kazi inakwenda polepole kama kinyonga. Kwa hiyo unahitaji chuma cha kuichochea. Mwaka 1901 alijaribu, kwa mgandamizo wa karibu mara 200 ya hewa tunayovuta na joto la digri 600.

Chombo kikapasuka. Vipande vya chuma viliruka, na msaidizi wake karibu afe. Le Chatelier akaacha kazi ile. Baadaye ndipo ilipojulikana sababu: hewa ya kawaida ilikuwa imeingia katika mchanganyiko. Oksijeni na haidrojeni, ninyi wa darasa la tatu mnajua zinafanya nini zikikutana na moto.

Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu katika labo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza, kwa kazi ya Carl Bosch. Haber alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1918, Bosch akapata ya 1931. Leo sehemu kubwa ya chakula cha dunia inatokana na mbolea hiyo, na hata mfuko wa urea ambao mkulima wa mahindi wa Kaniama anaulilia kwa bei yake umetoka katika njia ile ile. Njia hiyo ilitoa baruti za vita pia, tusifiche.

Le Chatelier alipata heshima nyingi: Collège de France mwaka 1898, Sorbonne na Akademia ya Sayansi mwaka 1907, medali ya Davy kutoka Uingereza mwaka 1916. Mtu kama huyo angeweza kunyamaza juu ya mwaka 1901. Hakunyamaza. Karibu na mwisho wa maisha yake aliandika waziwazi kama aliuacha ugunduzi wa amonia uponyoke mikononi mwake, na kama hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake. Alikufa tarehe 17 Septemba 1936 huko Miribel-les-Échelles, akiwa na miaka 85, na kosa lake ameliacha limeandikwa ili wengine wasome.

UTANDO WA BUIBUI

Mwaka 2019 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, walitoa njia rahisi ya kuchora jambo hili. Unaweka nukta katikati, unachora mikono kama utando wa buibui: joto, oksijeni, maji, mwanga, wingi wa dawa, ukubwa wa kazi. Unarudia kazi ile ile, kila mara unabadili hali moja tu, kidogo juu, kidogo chini. Matokeo yakibaki yale yale, alama inakaa mahali pake. Yakiharibika, alama inaondoka mbali, na macho yanaona mara moja wapi pana hatari.

Tulijaribu ubaoni. Kwa javel yetu, alama ziliondoka kwenye mkono wa joto na kwenye mkono wa mwanga. Kiisha mmoja wetu akachora utando wa chombo cha mwaka 1901, akaweka alama nyekundu kubwa kwenye mkono mmoja tu, ule wa oksijeni. Darasa likanyamaza. Mkono mmoja! Mingine yote Bwana Le Chatelier aliipanga vizuri.

Nyuma ya hapo tulichukua kaye zetu, tukapiga mstari juu ya zile namba za uongo, bila kuzifuta, na pembeni tukaandika namba za kweli pamoja na hali ya kila kundi: maji ya wapi, chupa ya lini. Bwana mwalimu alitupunguzia alama juu ya uongo, na tulistahili.

Wadogo zetu mtakaobaki hapa wakati sisi tutakapokuwa tumekwenda, mkikuta kaye hizo katika kabati ya labo, msicheke ile mistari. Na kundi lenu likipata namba ambayo haifanani na ya wenzenu, mbele ya kuifuta mwulizeni kwanza maji yao yalikaa wapi.