Edith Cavell: kutoka kufundisha watoto mpaka uuguzi

Wewe wa Majengo unayeanza shule ya uuguzi, haujashika hata sindano? Edith Cavell, Mwingereza aliyezaliwa 1865, naye hakuanzia hospitalini. Alikuwa anafundisha watoto wa familia moja kule Bruxelles. Mwaka 1895 akarudi kwao kumuuguza baba yake. Njo hapo moyo ulimupeleka kwenye uuguzi. Mwaka 1896, akiwa na miaka 30, akaanza masomo London Hospital. Mwaka 1907 daktari Antoine Depage akamuita Bruxelles aongoze shule mpya ya wauguzi. Vita ya 1914 ilipofika, aliuguza majeruhi wa pande zote, tena akasaidia askari karibu 200 kutoroka. Wajerumani wakamupiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915. Sindano utafundishwa. Kutobagua mgonjwa, hapa kwetu Goma, toka nako nyumbani.