Joseph Lister: Jamaa aliyeitia bandeji dawa

Leo ukijikata na kisu jikoni, unapaka dawa, unafunga bandeji, maisha yanaendelea. Sasa jiweke Glasgow, Scotland, miaka ya 1860. Mfupa ukivunjika na kutoboa ngozi, mara nyingi daktari alikata mguu wote. Na hata baada ya kukatwa, kidonda kingeweza kuoza kikumalize. Daktari mwenyewe alivaa koti lenye damu iliyokauka, tena akijivunia.

Hapo ndipo anaingia Joseph Lister, mzaliwa wa Essex, Uingereza, mwaka wa 1827. Wenzake walilaumu hewa chafu ya wodi. Yeye alisoma kazi ya Mfaransa Louis Pasteur kuhusu vijidudu vinavyochachusha vitu, akashuku ndivyo vinavyoozesha vidonda pia. Alikuwa amesikia kwamba mjini Carlisle asidi ya kaboliki ilitumika kukata uvundo wa majitaka. Akaamua kuijaribu.

Agosti 1865, gurudumu la mkokoteni lilimvunja mguu James Greenlees, kijana wa miaka 11. Lister alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ile. Siku ya nne akafungua: hakuna usaha. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga. Dogo akabaki na mguu wake.

Shida ni kwamba asidi hiyo ilichoma ngozi, na haikukaa sana. Cheki alivyofanya: alichukua kitambaa chepesi cha pamba, akakitia asidi pamoja na utomvu wa miti na nta. Utomvu ulishika dawa ili itoke polepole, nayo nta ikazuia kitambaa kung'ang'ania kidonda.

Wengi walimpinga, hasa London. Yeye alikuwa na hesabu. Kabla ya mbinu hii, kati ya wagonjwa 35 aliowakata viungo, 16 walikufa. Baadaye, kati ya 40, walikufa 6.

Alifariki 1912. Siku hizi kuna vitambaa vya vidonda vinavyotiwa madini ya fedha, lakini mtihani ni ule ule: dawa ishike uzi, iue vijidudu, isiumize ngozi.

Kwa hivyo wewe mwenye wazo linalochekwa mtaani, usipoteze muda kubishana. Jaribu, rekebisha, na uweke hesabu.