Wilson na bunge la Haiti

Kila nisikiapo taifa kubwa likipeleka jeshi ng'ambo kwa jina la demokrasia, humkumbuka Woodrow Wilson. Alizaliwa Virginia mwaka 1856, mtoto wa mhubiri, akasomesha Princeton, akawa rais wa Marekani 1913. Aprili 1917 alilitaka bunge lake liidhinishe vita dhidi ya Ujerumani, hoja yake kubwa ikiwa ni kuilinda demokrasia duniani.

Mwaka huohuo, bunge la Haiti lilivunjwa. Wanajeshi wa Wilson walikuwa huko tangu Julai 1915 (ndiyo Haiti hiyo waliyopelekwa polisi wetu 2024). Kosa la wabunge? Walikataa katiba waliyoletewa na Wamarekani, yenye kuwaruhusu wageni kumiliki ardhi. Aliyekwenda kuwatawanya ni afisa wa Kimarekani. Wakulima nao wakatiwa shokoa, kulima barabara kwa mtutu wa bunduki. Walioasi wakauawa kwa maelfu.

Wengine humwita mnafiki. Mimi naona aliamini kweli, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Alipewa Nobel ya amani ya 1919, akafariki Februari 1924. Haiti haikuchagua bunge tena hadi 1930, na wanajeshi hawakuondoka hadi 1934.