Selfridge: aliweka mgahawa ndani ya duka, akafa hana duka

Leo siasa naweka pembeni, na Simba na Yanga nao wapumzike kidogo. Naongelea duka na chakula, maana ndiyo vitu vinavyoniweka mjini.

Kwa wasionifahamu, mimi nina duka hapa Mbagala Rangi Tatu. Unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, vocha, basi. Miaka miwili iliyopita mama watoto aliweka meza mbili na mabenchi mle ndani, pembeni ya magunia ya mchele, akaanza kuuza chai, chapati na supu. Mwanzoni nilimkatalia kabisa. Niliona moshi utaharibu bidhaa na watu watakuja kukaa bure wakipiga soga. Mwezi haukuisha nikanyamaza mwenyewe. Aliyekuja kunywa chai aliondoka na kilo ya sukari. Aliyekuja kununua unga alisikia harufu ya supu, akakaa. Daftari la mauzo likaanza kunichekea.

Halafu akaja jamaa wa mikopo. Fremu mbili za jirani zilikuwa wazi, akanishauri nichukue zote, nifanye mgahawa wa kueleweka humo humo dukani, meza ishirini, televisheni ukutani. Pesa ya haraka, dhamana kiwanja changu cha Chamazi. Kwa kweli nilikuwa nimeshakubali nusu. Ndipo kijana wangu anayesoma chuo akaniuliza, baba, unamjua Selfridge? Nikamwambia simjui, anacheza timu gani? Akacheka, akanifungulia habari zake kwenye simu. Nilisoma usiku ule mpaka chaji ikaisha, na siku zilizofuata nikaendelea. Nawaletea nilichokipata.

Harry Gordon Selfridge alizaliwa Januari 11, 1858, katika mji mdogo wa Ripon, Wisconsin, Marekani. Baba yake alikuwa na duka, kama mimi na wewe. Familia ikahamia Jackson, Michigan. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza Marekani mwaka 1861, baba akaenda jeshini. Vita ikaisha, akaruhusiwa kwa heshima zote, lakini nyumbani hakurudi. Hakufa vitani, wadau, aliamua tu kutorudi. Kaka zake wawili Harry nao wakafariki wakiwa bado wadogo. Akabaki yeye na mama yake, Lois, ambaye alifundisha shule ili wapate kula. Kijana akaanza kuuza magazeti akiwa na miaka kama 10, na akiwa na 14 akaacha shule akaenda kufanya kazi benki. Mama zetu wangapi hapa Mbagala wamelea hivyo hivyo?

Mwaka 1879 akaenda Chicago, akaajiriwa na kampuni ya Marshall Field, akianzia chini kabisa kwenye stoo ya jumla. Field alikuwa na duka kubwa la zile aina ambazo kila kitu kiko chini ya paa moja: nguo ghorofa hii, viatu ile, vyombo kule juu. Selfridge alikaa pale kama miaka 25, akapanda mpaka akawa meneja wa rejareja na mbia mdogo.

Sasa tuje kwenye chakula. Miaka ile mwanamke aliyekwenda mjini Chicago kununua vitu alikuwa na tatizo moja. Sehemu nyingi za kula katikati ya mji zilikuwa za wanaume, na mwanamke asiye na mwanamume pembeni yake hakukaribishwa vizuri. Kwa hiyo wateja wa Field walikuja asubuhi kwa treni, mchana njaa ikauma, wakarudi nyumbani pesa zikiwa bado mkobani. Inasimuliwa kwamba muuzaji mmoja wa kitengo cha kofia, Bi. Hering, alimwonea huruma mteja mwenye njaa, akamgawia pai ya kuku aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwake. Mteja akala, akabaki, akanunua. Habari zikasambaa, wengine nao wakataka.

Selfridge akakiona kile ambacho mama watoto alikiona hapa Rangi Tatu. Akaenda kumshawishi bosi. Mzee Field akagoma, kwamba yeye anauza bidhaa, si mama ntilie. (Mnaona? Sikuwa peke yangu!) Mwishowe akakubali, na Aprili 1890 wakafungua chumba cha chai ndani ya duka kikiwa na meza 15. Siku ya kwanza walikula watu 56. Idadi ikapanda mno, na miaka iliyofuata migahawa ikawa inakula sehemu kubwa ya ghorofa nzima. Mwaka 1907 likafunguliwa jengo jipya lenye ukumbi wa kulia uliokuja kujulikana kwa jina la Walnut Room, na pai ya kuku ya Bi. Hering ikabaki kwenye menyu vizazi na vizazi.

Hapo niseme na upande wa pili, tusije tukadhani kila aliyeingia alikula. Maduka mengi ya Marekani yaliyoiga mtindo huo, hasa majimbo ya kusini, yalichukua pesa ya mtu mweusi kwenye bidhaa lakini yakamkatalia kukaa na kula. Februari 1, 1960, wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaagiza, wakakataliwa, wakaendelea kukaa. Kesho yake wakarudi wakiwa wengi zaidi. Maandamano ya kukaa yakasambaa miji mingi, na mwezi Julai mwaka ule kaunta ile ikaanza kuhudumia watu wote. Kumbe kiti cha kulia dukani kinaweza kubeba mambo mazito kiasi hicho.

Turudi kwa Selfridge. Mwaka 1904 aliachana na Field, akanunua duka lake mwenyewe Chicago, akaliuza baada ya muda mfupi tu. Mwaka 1906 akiwa London akaona maduka ya pale yamelala. Mteja akiingia anaulizwa anataka nini, na kama anatazama tu anaonyeshwa mlango. Akamwaga kama pauni 400,000 upande wa magharibi wa mtaa wa Oxford, ambao wakati huo haukuwa na jina. Machi 15, 1909, Selfridges ikafunguliwa. Bidhaa ziliwekwa wazi, mtu ashike, anuse, ageuze. Palikuwa na maktaba, vyumba vya kupumzikia na kuandikia barua, na migahawa yenye bei ya kawaida. Mtu aliweza kumaliza siku nzima mle ndani bila kununua hata pini, na hakuna aliyemfukuza. Jamaa aliamini kwamba mtu aliyekaa raha na kushiba, pesa atatoa tu.

Na vituko alijua. Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot aliporuka na ndege kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, Selfridge aliichukua ndege ile akaiweka dukani, na kwa siku nne walifika watu wapatao 150,000. Mwaka 1925 John Logie Baird alionyesha televisheni mle dukani wakati dunia haijajua televisheni ni nini. Na juu ya paa akatengeneza bustani yenye sehemu za kula na kunywa, watu wakala huku wanaitazama London yote. Kule Marekani chakula kiliwekwa ili mteja asiondoke. London alikifanya kiwe sababu ya mteja kuja.

Lakini sasa ndiyo inapouma. Mwaka 1918 mkewe, Rosalie, alifariki katika ile homa ya mafua iliyoua watu duniani kote. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akafariki 1924. Wanawake wawili waliokuwa breki yake wakawa wameondoka. Mzee akaanza kuishi kama vile duka ni mfuko wa shati. Majumba ya kifahari, karamu, kamari Ufaransa, na zawadi za thamani kwa wanawake wa majukwaani, hasa wale mapacha wacheza dansi walioitwa Dolly Sisters. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukamkuta bado anatumia. Alichota pesa za kampuni mpaka akadaiwa na duka lake mwenyewe zaidi ya pauni 100,000, na kodi ya serikali nayo ikamsubiri mlangoni. Wakurugenzi wakambana, na kufikia 1941 alikuwa nje. Jina lake ukutani, yeye nje!

Miaka ya mwisho aliishi kwenye nyumba ndogo ya kupanga huko Putney, kusini magharibi mwa London. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapanda basi mpaka mtaa wa Oxford, anasimama ng'ambo na koti lake lililochakaa, analitazama duka, halafu anarudi. Wapita njia hawakumjua. Alifariki Mei 8, 1947, akiwa na miaka 89, akazikwa Highcliffe karibu na mkewe na mama yake. Duka bado lipo mpaka leo, na watu bado wanakula humo.

Wadau, sehemu ile ya basi ilinikaa kifuani. Nilijiona mimi niko ndani ya daladala, tunapita Rangi Tatu, nachungulia dirishani fremu yangu ikiwa na bango la mtu mwingine.

Msiseme habari za Uingereza hazituhusu. Hapa hapa Dar tumeona makubwa yakianguka. Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt yenyewe ikafuata, Game nao wakafunga 2022. Kila moja lina sababu zake, lakini ukubwa peke yake haukumwokoa yeyote.

Nilichojifunza ni kwamba mgahawa haukumuua Selfridge. Mgahawa ulimpa mali. Kilichomuua ni kutotofautisha pesa ya duka na pesa ya mfukoni. Nikajitazama: soda nachukua bila kuandika, mchango wa harusi natoa kwenye droo, mpwa wangu akipita namkatia unga. Nilipohesabu ya mwezi mmoja tu, niliona aibu kumwambia mama watoto.

Kwa hiyo yule jamaa wa mkopo nimemrudisha. Kiwanja cha Chamazi kimebaki changu. Tumechukua fremu moja, si mbili, kwa pesa ya chai tuliyoitunza wenyewe, na meza sasa ziko sita. Chai ina daftari lake, duka lina daftari lake, na mimi nikinywa supu nalipa kama mteja mwingine. Mama watoto ndiye anashika daftari, na hana utani.

Wenye maduka, nyie mnafanyaje? Aliyewahi kuchukua mkopo wa namna ile akatoka salama, atuambie, labda mimi ni mwoga tu. Nawasilisha.