Presha na Somo la Daktari Trowell

Kwetu Mau Narok, hata mzee asiyejua Kiingereza hutamka neno presha. Mimi niliyesomea isimu hujiuliza: tulipokopa neno, je, maradhi nayo tuliyakopa? Maisha ya Hugh Trowell yatupa jibu.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuja Kenya mwaka 1929 kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1930 alihamia Uganda, akatibu Mulago na kufundisha Makerere. Waafrika wenye shinikizo la damu walikuwa wachache siku zile. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu mno hata mwaka 1956 yeye na mwenzake wakachapisha habari za mgonjwa mmoja tu.

Je, ngozi nyeusi ilikuwa kinga? Trowell hakuridhika na jibu hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1960, na kile alichohariri pamoja na Denis Burkitt mwaka 1981, alichunguza maisha na chakula: chumvi nyingi na nafaka iliyokobolewa. Alifariki mwaka 1989.

Utafiti wa mwaka 2007 na 2008 katika Nakuru, ambamo Mau Narok imo, ulikuta shinikizo hilo kwa takriban nusu ya watu waliotimiza miaka 50. Vizazi viwili havibadili nasaba, hubadili chungu.

Walimu wenzangu, shinikizo huchosha mishipa kimyakimya hadi kiharusi kibishe hodi. Tupimwe mapema, na chumvi tuipunguze.