Micombero: Ofisa Aliyepandishwa Cheo Kabla ya Masomo Kuisha

Katika kambi za Gitega na katika kambi ya Mukoni iliyoko Muyinga, kama ilivyo katika kila kambi ya Afrika Mashariki, liko swali ambalo askari mwenye watoto hawezi kulikwepa. Mwana amemaliza sekondari, amefaulu, naye asema haoni kazi nyingine ila ile ya baba yake, tena ataka kuifanya akiwa ofisa. Je, mzazi amsaidie? Na kama atamsaidia, amsaidie vipi? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama gharama, mitihani, na nani anajuana na nani. Leo tutalijibu kwa njia nyingine, yaani kwa kuyasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa vijana wa kwanza wa Burundi kupelekwa kusomea uofisa, akazipanda ngazi zote upesi kuliko wenzake, kisha akaiachia nchi yake jeraha ambalo halijapona. Mtu huyo ni Michel Micombero, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Burundi.

Micombero alizaliwa mwaka 1940 huko Rutovu, katika vilima vya Bururi, kusini mwa nchi. Wakati huo Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya Wabelgiji, nazo ziliitwa kwa jina moja la Ruanda-Urundi. Kwa mtoto wa vilimani njia ya kuiona dunia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa shule ya misioni. Mzazi aliyekubali mwanawe aende shule ya mbali alikuwa anapoteza mikono ya shambani na mchungaji wa ng'ombe, bila kujua faida itakuja lini wala kwa sura gani. Micombero alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, akaendelea hadi Koleji ya Saint-Esprit mjini Usumbura, mji ambao leo twauita Bujumbura. Shule hiyo ilikuwa mojawapo ya shule kubwa nchini, na kijana aliyefika pale alikuwa amekwisha kuvuka milango mingi iliyofungwa kwa wenzake.

Ukafika mwaka 1960. Jirani, katika Kongo, Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni, na siku chache tu baadaye askari wa Force Publique waliasi. Sababu kubwa ya uasi ule ilikuwa kwamba katika jeshi zima hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Wabelgiji walikuwa wamewafundisha Waafrika kutii amri kwa miaka mingi, lakini hawakuwafundisha kuitoa. Katika Burundi hali haikuwa tofauti. Uhuru ulikuwa unakaribia, nayo nchi haikuwa na maofisa wake. Ndipo vijana wachache waliosoma wakatafutwa haraka. Micombero, akiwa na umri wa miaka 20, aliingia jeshini na kupelekwa Brussels, katika Chuo cha Kijeshi cha Kifalme.

Ndugu msomaji, yafaa tusimame kidogo hapa tujiulize: chuo cha namna hiyo hufundisha nini? Si kupiga bunduki, kwa maana hilo kuruta hujifunza kwa miezi michache. Si gwaride wala kusoma ramani peke yake. Chuo cha maofisa humfundisha kijana kujiamrisha mwenyewe kabla ya kuwaamrisha wengine. Humfundisha sheria za vita, historia na mpaka wa mamlaka yake, hata ajue amri ipi ni halali na ipi ni dhambi iliyovikwa sare. Mafunzo hayo hayapatikani kwa pupa. Huhitaji miaka, na huhitaji mwalimu anayeweza kumwambia mwanafunzi kwamba bado.

Micombero hakuipata miaka hiyo yote. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa Mwanamfalme Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega, kiongozi wa chama cha UPRONA aliyekuwa ameshinda uchaguzi mwezi uliotangulia, na ambaye wananchi wa makabila yote walikuwa wamemkubali. Nchi ilibaki haina mtu wa kuiunganisha, na Uhuru ulikuwa mlangoni. Mwaka 1962 Micombero aliitwa nyumbani kabla ya kumaliza masomo yake. Burundi ikawa huru tarehe 1 Julai mwaka huo, naye, kijana wa miaka ishirini na ushei, akawa Kapteni katika jeshi jipya la taifa. Kabla ya miaka mingi kupita alikuwa amekabidhiwa wizara ya ulinzi.

Si haki kumlaumu kijana kwa kuitikia mwito wa nchi yake. Wala si haki kuilaumu nchi changa iliyokuwa na shida ya maofisa. Hata hivyo, tunda lililovundikwa halina utamu wa lile lililoivia mtini. Kijana ambaye hajakaa miaka miwili katika kikosi, ambaye hajaongoza platuni kwa muda wa kutosha kuyajua makosa yake, alikuwa sasa ana jeshi zima chini ya mkono wake, katika nchi ambayo siasa yake ilianza kugawanyika kati ya Wahutu na Watutsi.

Mgawanyiko huo haukuchelewa kuingia kambini. Tarehe 15 Januari 1965 aliuawa Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu aliyekuwa ameteuliwa siku chache tu kabla. Wahutu walishinda uchaguzi wa Mei mwaka huo, lakini Mfalme Mwambutsa alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu naye, kuwa Waziri Mkuu. Usiku wa tarehe 18 Oktoba baadhi ya maofisa Wahutu wa jeshi na wa jandarmeri walijaribu kuipindua serikali. Biha alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya. Micombero aliviongoza vikosi vilivyobaki upande wa serikali, na jaribio likashindwa. Hapo ndipo mafunzo ya ofisa yalipopimwa. Kuuzima uasi ni wajibu wa jeshi lolote, lakini yaliyofuata yaliuvuka wajibu huo. Askari wengi Wahutu waliuawa, na pamoja nao wanasiasa ambao hatia yao haikuthibitishwa katika mahakama ya haki. Mfalme akaondoka nchini, na madaraka yakabaki kwa wenye silaha.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa Julai 1966 Mwanamfalme Charles Ndizeye alimwondoa baba yake katika kiti, akamfanya Micombero kuwa Waziri Mkuu, naye mwenyewe akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Utawala wake haukufika hata miezi mitano. Tarehe 28 Novemba, Ntare akiwa ziarani Kinshasa, Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza Jamhuri. Alikuwa na umri wa miaka 26. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu alipoliacha dawati la mwanafunzi.

Katika miaka iliyofuata mlango wa uofisa, ule uliofunguliwa kwa kijana wa Rutovu, ulianza kufungwa kwa vijana wengine. Kwanza Wahutu walianza kutiliwa shaka. Kisha shaka ikawafikia Watutsi wa kaskazini na wa kati, na mwaka 1971 kundi la maofisa na wanasiasa wa sehemu hizo lilishitakiwa kwa njama za kuipindua serikali. Watu wa Bururi ndio waliozidi kushika vyeo. Mzazi wa Gitega au wa Muyinga mwenye kijana hodari angeweza kumlipia shule, akamtia moyo na kumwombea, lakini kilima alikozaliwa mtoto kilikuwa kimeanza kuamua mengi kuliko alama zake za mtihani.

Mwaka 1972 ndio ulioandika jina la Micombero kwa wino usiofutika. Tarehe 29 Aprili waasi Wahutu walishambulia sehemu za kusini, katika Rumonge, Nyanza-Lac na kandokando yake, wakawaua Watutsi wengi wasio na silaha. Hilo lilikuwa kosa kubwa la jinai, na serikali ilikuwa na haki ya kulinda wananchi wake. Lakini usiku uo huo, mjini Gitega, aliuawa pia Ntare wa Tano, kijana wa miaka 24 ambaye alikuwa amerudishwa nchini kutoka Uganda mwezi uliotangulia baada ya kuahidiwa usalama. Hakushitakiwa, wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Kisha nchi nzima ikaingia katika giza. Kwa miezi kadhaa Wahutu waliosoma walikamatwa kwa orodha: walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo na wa sekondari, na askari wenzao waliokula nao chakula kimoja kambini. Idadi ya waliouawa hutajwa kuwa kati ya watu laki moja na laki tatu.

Miongoni mwa walionusurika alikuwamo mwanafunzi mmoja wa shule ya ualimu ya Gitega, aitwaye Melchior Ndadaye, aliyekimbilia Rwanda. Wengi hawakukimbia. Anayesafiri kutoka Gitega kwenda Muyinga hupitia Karuzi, nchi ya mto Ruvubu. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto huo, ikapata mabaki ya watu zaidi ya elfu sita. Katika mashimo hayo walikuwamo watu waliobebwa kwa malori kutoka Gitega mwaka 1972. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mzazi fulani, na bila shaka wako miongoni mwao ambao wazazi wao waliuza ng'ombe ili wasome.

Micombero mwenyewe hakudumu. Tarehe 1 Novemba 1976 alipinduliwa bila kumwagika damu na Luteni Kanali Jean-Baptiste Bagaza, naye mzaliwa wa Rutovu, naye pia aliyesomea uofisa Ubelgiji. Aliyeingia kwa mlango wa kambi alitolewa kwa mlango uo huo. Alikwenda uhamishoni Somalia, akafariki Mogadishu mwezi wa Julai 1983 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 42. Ni umri ambao maofisa wengi duniani huwa hawajafika hata kwenye ukanali.

Lakini desturi aliyoianza haikufa pamoja naye. Mwaka 1987 Bagaza naye alipinduliwa na Meja Pierre Buyoya, pia wa Rutovu. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Rais aliyechaguliwa na wananchi, na Rais huyo alikuwa yule mwanafunzi wa Gitega, Melchior Ndadaye. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Ilibidi wazee wa Afrika, Mwalimu Nyerere na baada yake Nelson Mandela, wawakalishe Warundi chini, hata Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Kutokana nao, Katiba ya mwaka 2005 iliweka kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya watu katika jeshi na polisi. Chuo cha maofisa cha Bujumbura, ISCAM, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kikafunguliwa kwa vijana ambao baba zao wasingethubutu kugonga mlango wake.

Basi turudi kwa askari wa Mukoni na polisi wa Gitega wenye kijana nyumbani. Maisha ya Micombero hayamwambii mzazi amzuie mwanawe. Nchi itahitaji maofisa daima, na heri watoke katika nyumba zinazoijua kazi. Yanamwambia mambo mengine. Kwanza, amwulize mtoto anataka nini hasa: anataka nyota za begani, au anataka kazi inayozifanya nyota hizo ziwe na maana? Pili, asimtafutie njia ya mkato kwa ndugu au kwa mtu wa kilima kimoja, kwa sababu anayepandishwa kwa kujuana hujifunza tangu siku ya kwanza kwamba sheria ni ya wengine. Tatu, amwache asome hadi mwisho, hata kama masomo ni marefu na cheo kinachelewa. Haraka haraka haina baraka, nayo Burundi imelipa gharama ya methali hiyo.

Nne, nalo ndilo kubwa, amfundishe nyumbani kile ambacho chuo hakiwezi kukifundisha kama hakikuanza utotoni: kwamba mtoto wa jirani wa kabila jingine ni mtoto wa mtu, naye alisomeshwa kwa jasho kama yeye. Siku kijana huyo atakapokuwa ofisa, huenda usiku mmoja akaletewa orodha ya majina. Hapatakuwa na mwalimu wake wala baba yake karibu. Atakachokifanya usiku huo kitategemea yale aliyoyapata mapema, mezani kwa mzazi wake.