Mbaruk wa Gasi: Alirithi ndoto ya Mombasa, akaiacha Moa

Aprili 1896, mzee mmoja alivuka mpaka kutoka upande wa Vanga akiwa na wafuasi zaidi ya 1,000. Walipofika Moa, pwani ya Mkinga ya leo, wakaweka silaha chini mbele ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann.

Mzee huyo ni Mbaruk bin Rashid Mazrui, maarufu kama Mbaruk wa Gasi. Si mtu wa mchezo. Masultani wa Zanzibar walimjua vizuri, na Waingereza walikuwa wamemsaka kwa miezi mingi bila kumtia mkononi.

Alikuwa anataka nini hasa?

Jibu linaanzia 1837. Wamazrui walikuwa wameitawala Mombasa karibu miaka 100, hadi Sultan Seyyid Said alipowavunja nguvu. Rashid bin Salim, baba yake Mbaruk, ndiye alikuwa mtawala wao wa mwisho. Alikamatwa pamoja na ndugu zake, wakasafirishwa mbali na hawakurudi. Waliobaki waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa, wengine Gasi, kusini.

Mbaruk alikulia kwenye habari hizo. Kwa hiyo lengo la kuirudisha Mombasa hakulichagua mwenyewe, alilirithi kama mtu anavyorithi shamba lenye kesi.

Alipokuwa mkubwa wa Gasi, alikuwa na staili yake. Anagombana na Zanzibar, anaingia msituni, anajificha kwenye ngome yake ya Mwele milimani, anasubiri. Wakubwa wakichoka, wanapatana, anarudi nyumbani. Ilikuwa hivyo miaka ya 1870, na tena 1882, pale Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultan, alipompandia huko huko Mwele.

Hapa ndipo mambo yanapovutia. Kila alipopatana, Mombasa ilizidi kuwa mbali, lakini hakuna siku aliyotangaza kwamba ameiacha. Ndoto ilikuwa inapungua kimyakimya. Kutoka kuitawala Mombasa, ikawa kuitawala Gasi. Baadaye ikawa tu kuachwa kwa amani. Kampuni ya Waingereza ilipoingia Mombasa mwaka 1888, ilimlipa, naye akapokea. Mjukuu wa watawala akawa mtu wa mshahara.

Angeweza kumalizia uzee wake hivyo. Mwaka 1895 kibao kikageuka.

Mkubwa wa Takaungu alifariki, Waingereza wakampa nafasi yake ndugu waliyemtaka wao. Aliyenyimwa naye aliitwa Mbaruk bin Rashid (majina yanachanganya kweli). Akaasi, akakimbilia Gasi. Waingereza wakataka akabidhiwe, na mzee akakataa kumtoa ndugu yake.

Agosti 17 mwaka huo, kikosi cha Admirali Rawson kikaiteka Mwele. Mbaruk akaponyoka. Vita ikawa ya kuvizia, vijiji vikachomwa, na walioumia zaidi ni wakulima ambao hawakuwahi kudai Mombasa wala Takaungu. Miongoni mwa wapiganaji wa mzee walikuwemo watumwa. Hao nao hakuna aliyewauliza lengo lao ni lipi.

Staili ya zamani ilikuwa imegonga ukuta. Sultan alikuwa anachoka, hawa hawakuchoka. Machi 1896 waliteremsha wanajeshi kutoka India, mzee akasukumwa kusini hadi mpakani.

Kwenye saikolojia kuna utafiti wa Carsten Wrosch na wenzake wa mwaka 2003 kuhusu malengo yasiyofikika. Walikuta kwamba watu wanaoweza kuachana na lengo kama hilo na kushika jingine huwa na nafuu ya moyo kuliko wanaong'ang'ania. Kusoma ni rahisi. Kwa Mbaruk, kuacha kulimaanisha kuiacha Gasi yenyewe, makaburi ya watu wake, na jina la baba.

Hata hivyo, mpakani bado alikuwa na kitu cha kuokoa: watu waliomfuata. Kubaki upande wa pili kungewaua. Mpaka wenyewe, ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumwuliza mtu kama yeye, ndio uliomfaa siku hiyo. Wanaomsifu Mbaruk husifu ngome na misitu, lakini uamuzi mgumu kuliko yote aliufanya njiani kwenda Moa, pale aliyekuwa amekimbia mara nyingi ili arudi alipokimbia akijua harudi.

Wajerumani walimhamishia Dar es Salaam. Mombasa ikawa mji wa reli, na kufikia 1901 reli hiyo ilikuwa imefika Ziwa Victoria. Mbaruk alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.